Kenya kuelekea 2027: Mwakilishi wa wadi apimwe kwa mizani gani?

Katika uchaguzi mkuu wa Kenya uliopangwa kufanyika tarehe 10 Agosti 2027, kila mpiga kura atapewa karatasi sita. Tano kati ya hizo huzungumzwa kila siku katika vyombo vya habari: ya rais, ya gavana, ya seneta, ya mbunge na ya mwakilishi wa wanawake. Ya sita, ya mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti, hutajwa kwa nadra, ingawa ndiyo iliyo karibu zaidi na ushuru wa sokoni, dawa za zahanati, taa za mtaani na uzoaji wa taka. Katika miji mikubwa kama Mombasa, wakazi huulizana swali lilelile kila msimu wa kampeni: ni nani miongoni mwa wagombea hawa anayebeba maadili yetu? Swali hilo ni jema. Tatizo liko kwenye mizani inayotumiwa kulijibu.

Kwa wasikilizaji walio nje ya Kenya, jambo hili si la mbali. Shehena za Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo hupitia Mombasa, na familia nyingi zina jamaa wanaoishi na kupiga kura katika mji huo. Zaidi ya hayo, kila nchi ya ukanda huu ina ngazi yake ya udiwani, na kila moja ina namna yake ya kumchuja mgombea kabla hajamfikia mwananchi. Nchini Tanzania, anayewania udiwani sharti adhaminiwe na chama cha siasa. Nchini Kenya, mtu anaweza kusimama bila chama iwapo ataungwa mkono na wapiga kura wasiopungua 500 wa wadi hiyo. Mlango wa Kenya ni mpana zaidi, na kwa sababu hiyo kazi ya kupembua humwangukia zaidi mpiga kura mwenyewe.

Kiti kidogo, mamlaka makubwa

Kabla ya mwaka 2013, Mombasa ilikuwa na baraza la manispaa na madiwani wake, kama ilivyokuwa katika miji mingine ya Kenya. Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ilileta ugatuzi, na baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013 mabaraza hayo yakatoweka. Mahali pake zikaja kaunti 47 zenye jumla ya wadi 1,450. Nairobi ina wadi 85, na Mombasa ina wadi 30. Sheria ya mwaka 2011 inayohusu miji iliweka pia utaratibu wa bodi za kusimamia majiji, lakini wajumbe wa bodi hizo hawapigiwi kura na wakazi. Aliyerithi kiti cha diwani machoni pa mwananchi ni mwakilishi wa wadi.

Urithi huo umekuja na uzito ambao madiwani wa zamani hawakuwa nao. Katiba inataka kaunti zigawiwe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa kufuata hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge. Katika mwaka wa fedha wa 2025/2026, mgao wa kaunti zote kwa pamoja ulipangwa kuwa shilingi bilioni 415. Fedha hizo, pamoja na kodi na ada zinazotozwa na kaunti zenyewe, haziwezi kutumika bila kuidhinishwa na bunge la kaunti.

Bunge hilo lina meno pia. Desemba 2020, wawakilishi wa wadi wa Nairobi walipiga kura ya kumwondoa Gavana Mike Sonko, na Seneti ikathibitisha uamuzi wao. Agosti 2024, Seneti ilithibitisha kuondolewa kwa Gavana Kawira Mwangaza wa Meru baada ya bunge la kaunti yake kumshtaki, na Machi 2025 Mahakama Kuu ikaunga mkono hatua hiyo. Mtu anayeweza kuidhinisha bajeti ya mabilioni na kumng'oa gavana si wa kuchaguliwa kwa sababu tu alionekana mazikoni.

Ukarimu unaohesabiwa kwa noti

Hata hivyo, mazishi ni mahali pa kuanzia kuielewa siasa ya wadi. Katika mitaa mingi ya Kenya, mgombea huulizwa kwanza kama alihani wafiwa, kama alisaidia kulipa bili ya hospitali, kama aliwalipia watoto wa jirani karo, kama aliuletea msikiti mikeka au kanisa mabati, kama vijana wa mtaa wamepata mpira na jezi. Wasomi wa mijini hulicheka jambo hili, lakini si la kuchekwa. Mahali ambapo zahanati haina dawa na karo ni mlima, mtu anayefika wakati wa shida amefanya kazi ambayo serikali imeshindwa kuifanya. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na hakuna jamii ya pwani wala ya bara inayoweza kulaumiwa kwa kuupenda ukarimu.

Yapo pia mantiki ya uchungu. Mpiga kura aliyeahidiwa barabara mara tatu na asiione hujiambia kwamba hatamwona tena mwanasiasa huyo mpaka miaka mitano ipite. Heri achukue kilichopo leo. Msemo wa mkono mtupu haulambwi hutumika hapo kama kanuni ya kujikinga. Katika chaguzi ndogo za tarehe 27 Novemba 2025, zilizohusisha pia viti kadhaa vya wadi, tuhuma za kununua kura zilisikika tena kutoka pande mbalimbali. Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya 2016 huhesabu hongo kuwa kosa kwa anayetoa na anayepokea, lakini sheria hiyo hukutana na tumbo lenye njaa.

Kinachokosekana katika mantiki hiyo ni hesabu. Chukua mfano wa mchuuzi wa mboga aliyepewa shilingi 500 usiku wa kuamkia uchaguzi. Miaka mitano ina siku 1,826. Fedha hizo, zikigawanywa, ni senti 27 kwa siku. Sasa ikiwa mwakilishi huyohuyo, akiwa bungeni, ataunga mkono mswada wa fedha wa kaunti unaoongeza ushuru wa soko kwa shilingi 10 tu kwa siku, mchuuzi atakuwa amezirudisha zile 500 zote katika siku 50. Siku 1,776 zitakazobaki atakuwa akilipa kutoka mfukoni mwake. Mfano huu ni wa kukadiria tu, lakini njia yake ni ya kweli: ada za masoko, za maegesho na za leseni za biashara huwekwa na kaunti kupitia sheria ya fedha, na hakuna sheria hiyo bila kura za wawakilishi wa wadi.

Swali la pili linahusu chanzo. Mgombea anayegawa fedha nyingi kuliko kipato chake kinachojulikana amezitoa mahali fulani. Kama amezikopa, atazilipa. Kama amepewa na mkandarasi, mkandarasi atataka zabuni. Ukarimu wa namna hiyo si sadaka. Ni mkopo ambao dhamana yake ni mfuko wa umma, na atakayelipa riba ni yuleyule aliyeshukuru.

Mjadala huo umeifikia Kenya kwa kishindo katika miaka ya karibuni. Baada ya maandamano ya vijana ya Juni 2024 dhidi ya mswada wa fedha wa serikali kuu, Rais William Ruto alitangaza mwezi Julai kuwa maafisa wa serikali wangepigwa marufuku kushiriki harambee. Novemba mwaka huohuo, Askofu Mkuu wa Kanisa Katoliki jijini Nairobi, Philip Anyolo, alikataa michango ya mamilioni ya shilingi iliyotolewa na viongozi wa kisiasa, rais akiwa miongoni mwao, kwa kanisa moja la jijini humo, akaagiza irudishwe. Hatua hiyo iliwagawanya waumini. Wapo waliosema kanisa limejinyima nyumba ya padri. Wapo waliosema kwa mara ya kwanza wameona taasisi ya jamii ikitofautisha kati ya mtu anayetoa na mtu anayenunua.

Kazi ya kiti chenyewe

Tofauti hiyo haiwezi kuonekana bila kuijua kazi yenyewe. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinamtaka mwakilishi wa wadi awe na mawasiliano ya karibu na wapiga kura, awashauri kuhusu mambo yanayojadiliwa bungeni, ayawasilishe maoni yao, ahudhurie vikao na awe kiungo kati ya bunge na wananchi. Kifungu hichohicho kinamkataza kujihusisha na kazi za utendaji za serikali ya kaunti. Kwa maneno mengine, sheria haikumtaka achimbe kisima. Ilimtaka ahakikishe kisima kimepangiwa fedha, kimechimbwa kwa bei halali na kinatoa maji. Anayesimamia mradi hawezi wakati huohuo kuwa mkaguzi wake.

Ni muhimu vilevile kujua mipaka ya kaunti. Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi kaunti zahanati na hospitali za ngazi ya kaunti, elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, barabara za kaunti, masoko, huduma za maji na majitaka, uzoaji wa taka na zimamoto. Polisi, shule za sekondari na vyuo vikuu ni vya serikali kuu. Mjini Mombasa, bandari na kivuko cha Likoni viko chini ya taasisi za serikali kuu. Mgombea wa wadi anayeahidi ajira za bandarini au kivuko kipya ama hakijui kiti anachokitaka, ama anajua na anawategemea wasikilizaji wasijue. Katika hali zote mbili, amekwisha kufeli mtihani wa ukweli kabla ya kufika kwenye mtihani wa uwezo.

Suala la basari ni gumu zaidi, kwa sababu wananchi wanazihitaji na wawakilishi wanazipenda. Mwanzoni mwa 2025, Mdhibiti wa Bajeti aliziagiza kaunti zisitumie fedha kwa basari za shule zisizo chini yao bila makubaliano rasmi na serikali kuu, na mgogoro huo ukafika mahakamani. Wazazi waliona mkono wa msaada ukikatwa. Lakini mgogoro huo ulifichua jambo ambalo kampeni huficha: basari haitoki mfukoni mwa mwakilishi. Ni fedha ya umma inayovikwa jina la mtu. Jamii inayomshukuru mwakilishi kwa basari bila kuuliza orodha ya waliopata imemsifu mgema, na tembo limekwisha kutiwa maji.

Maadili yanapokutana na sheria

Mwezi Mei 2024, Mombasa ilipata somo la wazi kuhusu umbali uliopo kati ya kuwa na maadili na kuyafanya yatekelezwe. Kufuatia malalamiko ya muda mrefu ya wazazi na viongozi wa dini juu ya vijana wanaotafuna muguka, Gavana Abdulswamad Nassir alitoa amri ya kupiga marufuku uingizaji na uuzaji wa zao hilo katika kaunti. Kaunti nyingine za pwani zikafuata. Wakulima wa Embu, ambako muguka ni chakula cha familia na karo ya watoto, walipinga vikali. Serikali kuu ilisema marufuku hizo hazina nguvu kwa kuwa muguka unatambuliwa na sheria za taifa kuwa zao la biashara, na mahakama ikasitisha utekelezaji wake.

Katika kisa hicho, kila upande ulikuwa na maadili yake. Mzazi wa Kisauni aliyetaka mwanawe aokoke hakuwa na kosa, wala mkulima wa Embu aliyetaka kula kwa jasho lake. Fundisho kwa mpiga kura wa wadi ni kwamba uchungu wa jamii, hata ukiwa wa haki, hauna budi kupitia mlango wa sheria. Katiba imezipa kaunti jukumu la kudhibiti dawa za kulevya, na bunge la kaunti linaweza kutunga sheria kuhusu umri wa wanunuzi, mahali pa kuuzia na leseni, baada ya kuwasikiliza wananchi kama inavyotakiwa. Mgombea anayepiga kelele dhidi ya mihadarati jukwaani na asiyeweza kueleza angewasilisha hoja gani bungeni, kwa kamati ipi, na kwa fedha gani za kuwatibu waathirika, ameazima uchungu wa wazazi kuwa mtaji wa kura.

Kwa nini chujio la sheria halitoshi

Huenda mtu akauliza: si kazi ya taasisi kuwazuia wasiofaa? Katiba ya Kenya ina Sura nzima ya Sita kuhusu uongozi na uadilifu. Ibara ya 73 inasema viongozi wachaguliwe kwa misingi ya uadilifu binafsi, umahiri na kufaa. Ibara ya 10 inataja utu, usawa, haki ya kijamii, uwazi na uwajibikaji miongoni mwa maadili ya taifa. Kwa karatasi, hakuna jirani mwenye maandishi mazuri kuliko hayo.

Utekelezaji ni habari nyingine. Ibara ya 193, inayohusu sifa za kuwania uwakilishi wa wadi, inasema mtu hazuiwi kwa sababu ya hukumu mpaka njia zote za rufaa ziwe zimekwisha. Lengo lake ni jema, kwa kuwa linamkinga asiye na hatia dhidi ya hila za wapinzani. Matokeo yake ni kwamba kesi inaweza kudumu kuliko muhula. Kabla ya uchaguzi wa 2022, Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi ilipeleka kwa tume ya uchaguzi majina zaidi ya 200 ya wawaniaji wenye dosari za uadilifu. Wengi wao waliruhusiwa kugombea. Sharti la shahada ya chuo kikuu kwa wawakilishi wa wadi nalo lilipingwa mahakamani na kuanguka kabla ya uchaguzi huo, kwa hoja kwamba lingewafungia nje raia wengi wenye uwezo.

Njia ya kumwondoa mwakilishi katikati ya muhula haina makali pia. Mahakama Kuu ilibatilisha mwaka 2017 vifungu muhimu vya utaratibu huo, na kwa wananchi wa kawaida umebaki jambo la karatasini. Kwa hiyo anayechaguliwa kimakosa mwezi Agosti 2027, kwa uwezekano mkubwa, atabaki hadi 2032. Chujio la mwisho ni karatasi ya kura, na mara nyingi ndilo chujio la pekee.

Hatari ya «mtu wetu»

Neno maadili ya jamii lina upande wa kiza, nao lazima utajwe. Mara nyingi neno jamii hufupishwa likawa kabila, ukoo au dini, na maadili yakawa kumchagua «mtu wetu». Mombasa inaijua gharama yake. Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi mkuu, makundi yenye silaha yalishambulia kituo cha polisi cha Likoni, kisha yakawageukia wakazi wenye asili ya bara. Watu wengi waliuawa na maelfu wakayahama makazi yao. Waliochochea walizungumza kwa lugha ya kuwatetea wenyeji. Waliobaki baada ya moshi kutoweka, wenyeji na wageni, walikuta biashara zimefungwa na utalii umeporomoka.

Mfano wa aina nyingine unatoka Mandera, kaskazini mashariki. Huko wazee wa koo wamejaribu kugawana viti kabla ya kura kupigwa ili kuepusha umwagaji damu, utaratibu unaojulikana kama demokrasia ya maafikiano. Una faida yake: amani ni tunu kubwa katika eneo lililozika watu wengi. Lakini wazee wanaokutana chini ya mti ni wanaume, na kijana au mwanamke hupata habari ya uamuzi, hashiriki kuufanya. Mwaka 2017, wazee wa ukoo wa Garre walipowataka waliokuwa madarakani wasigombee tena, Gavana Ali Roba alikataa, akasimama, na akashinda. Wapiga kura walionyesha kwamba heshima kwa wazee ni jambo moja, na kukabidhi kura ni jambo jingine.

Upande wa wanawake takwimu zinasema wazi. Mwaka 2013, wanawake 82 tu walichaguliwa moja kwa moja katika wadi 1,450. Mwaka 2017 walikuwa 96. Mwaka 2022 walizidi kidogo 100. Wengine huingia kwa viti maalumu ili kutimiza sharti kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili. Hata hivyo, katika mitaa hiyohiyo wanawake ndio watunza hazina wa vyama vya kuweka na kukopa, na ni nadra kusikia fedha za chama zimepotea mikononi mwao. Jamii inayomkabidhi mwanamke akiba yake na kumnyima kura ya kusimamia bajeti haijatumia maadili yake, imeyaacha mlangoni.

Jamii ya wadi, kwa maana ya sheria na ya akili, ni kila anayeishi humo: mzaliwa na mhamiaji, mwenye nyumba na mpangaji, anayesali Ijumaa na anayesali Jumapili. Bomba la maji taka likipasuka halimwulizi mtu asili yake.

Kuyageuza maadili kuwa maswali

Maadili ambayo wakazi wanayataja, yaani uaminifu, utu, haki na kusikilizana, hayana kasoro. Yanahitaji kuhamishwa kutoka mazikoni hadi kwenye kazi ya kiti, na hilo linawezekana kwa maswali ya kawaida yanayoweza kuulizwa katika mkutano wowote wa mtaa.

Uaminifu hupimwa kwa daftari. Mgombea aliyewahi kuongoza ushirika, kamati ya shule, kamati ya msikiti, kikundi cha kanisa au chama cha akiba ameacha hesabu nyuma yake. Je, zilisomwa mbele ya wanachama? Alipokabidhi, mwenzake alikuta nini? Mali bila daftari hupotea bila habari, na mtu aliyeshindwa kutunza daftari la kikundi cha watu 30 hawezi kuaminiwa na bajeti ya kaunti.

Utu hupimwa kwa mahali fedha zinapokwenda. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti, kwa kipindi cha kati, iende kwenye maendeleo. Kila mwaka kaunti hutoa mpango wa maendeleo kufikia tarehe 1 Septemba, taarifa ya mwelekeo wa fedha kufikia 28 Februari, makadirio kufikia 30 Aprili, na bajeti huidhinishwa kabla ya 30 Juni. Mgombea anayesema anawajali wagonjwa aeleze angebadilisha fungu gani katika ratiba hiyo, na angelipunguza fungu lipi ili kupata fedha hizo. Huruma isiyojua fungu la kupunguza ni maneno.

Ukweli hupimwa kwa ugumu anaokubali kuutaja. Mombasa hupata sehemu kubwa ya maji yake kutoka nje ya kaunti, zikiwemo chemchemi za Mzima zilizoko Taita-Taveta na visima vya Baricho vilivyoko Kilifi. Anayeahidi maji kila nyumba ndani ya mwaka mmoja bila kutaja majadiliano na kaunti hizo na deni la mitambo anawauzia watu ndoo yenye tundu. Anayesema wazi kwamba kazi hiyo ni ndefu, na akaonyesha hatua ya kwanza iliyo ndani ya uwezo wa wadi, hatashangiliwa sana, lakini amewaheshimu wasikilizaji wake.

Kusikilizana hupimwa kwa anayekuwepo baada ya uchaguzi. Kwa aliye madarakani na anayetaka kurudi, ushahidi upo: vikao vya bunge la kaunti ni vya wazi, na maneno yake huwekwa katika kumbukumbu rasmi. Alizungumza mara ngapi? Aliwasilisha hoja gani? Mswada wa fedha ulipopandisha ada, alipiga kura upande upi? Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ilipoonyesha dosari, kamati yake ilifanya nini? Ibara ya 35 ya Katiba na sheria ya 2016 zinampa raia haki ya kupata taarifa hizo. Kikundi cha akina mama, baraza la vijana au kamati ya wapangaji kinaweza kuziomba kwa barua moja.

Kikomo cha mpiga kura

Ni haki kukiri kwamba mizani hii haiponyi kila kitu. Mwakilishi mwadilifu anaweza kufika bungeni akajikuta peke yake kati ya wengi waliopangwa na gavana au chama. Anaweza kuuliza kuhusu zabuni na akanyimwa nafasi katika kamati. Mpiga kura wa wadi moja hawezi kurekebisha bunge zima. Na mgombea asiyegawa fedha, hata akiwa na daftari safi, huenda akashindwa na mwenye gunia.

Lakini wadi ni ndogo, na udogo huo ni nguvu. Mgombea urais hujulikana kwa matangazo. Mgombea wa wadi hujulikana kwa majirani, kwa wadai wake, kwa waliofanya naye kazi na kwa waliogawana naye mali ya urithi. Hakuna ngazi nyingine ya siasa ambayo mwananchi ana habari nyingi kama hizo bila kulipia senti. Misikiti, makanisa, vyama vya akiba na vikundi vya mtaani vikikubaliana kumuuliza kila mgombea maswali yaleyale, mbele ya watu walewale, na kuyaandika majibu yake, bei ya hongo itapanda na thamani yake itashuka.

Vijana waliojaza mitaa ya miji ya Kenya mwaka 2024 walianza na mswada wa fedha, wakausoma kifungu kwa kifungu na kuufasiri kwa lugha za nyumbani. Mswada ule ulikuwa wa serikali kuu. Kila kaunti ina wake, kila mwaka, na unajadiliwa na watu wanaoishi mtaa wa pili. Ikiwa usomaji huo utashuka hadi kwenye wadi kabla ya Agosti 2027, anayesimama jukwaani na bahasha mkononi atalazimika kujibu swali ambalo hajazoea kuulizwa: ushuru wa soko utakuwa shilingi ngapi?